Afande Oyet na Sehemu Kumi na Nne za Kupigia

Ijumaa tarehe 27 Februari 2026, saa kumi jioni, Afande Saverio Oyet, mwalimu wa karate wa Kampuni ya Ulinzi ya Ngome Tatu, alinikabidhi filimbi, ufunguo wa stoo ya mafunzo na kitambulisho namba 017, akastaafu. Alikuwa ametumikia kampuni hii miaka ishirini na sita, miezi minne na siku ishirini na tatu. Siku hizo nimezihesabu mwenyewe. Kati ya miaka hiyo, ishirini na miwili tumekaa ofisi moja, meza yangu ya karani wa kumbukumbu ikitazamana na yake, na sikumbuki wiki iliyopita bila yeye kunipa sababu ya kushika kichwa.

Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike maneno mazuri. Nitaandika ya kweli, na mazuri yakiwemo mtayaona.

Afande Oyet ni mtoto wa konstebo. Alikulia kambi ya polisi hapa hapa Kampala, ambako watoto wa Gulu, wa Arua, wa Mbale na wa Masaka walielewana kwa Kiswahili, na ambako sajenti mmoja aliwafundisha karate kila Jumamosi ili wasizurure. Kambini alitoka na vitu viwili: mkanda mweusi, na Kiswahili kifupi kisichojali ngeli wala kuomba radhi. Mimi niliyesoma Kisumu, nikafundishwa insha kwa kiboko, nimekisahihisha Kiswahili hicho tangu siku niliyoajiriwa. Hakijasahihika.

Tulimwajiri mwaka 1999 kama mlinzi wa geti tu, kwenye ghala moja la vyuma kule Katwe. Mwaka wa pili, mchana kweupe, wanaume wawili walimbana mlangoni wakitaka funguo. Funguo zilikuwa mkono wa kulia, daftari la magari mkono wa kushoto, mgongo ukutani. Ile ngumi aliyoipigisha ubaoni tangu utoto haikuwa na pa kupita. Akatumia kiwiko, kisha goti, kisha akamkanyaga yule wa pili vidole vya mguu kwa kisigino cha buti, na wote wawili wakaondoka wakichechemea. Funguo hazikuanguka. Daftari halikuanguka. Kesho yake aliingia kwa mkurugenzi bila miadi, akasema kampuni inafundisha walinzi wake upuuzi, na mkurugenzi, badala ya kumfukuza, akampa kazi ya kuwafundisha. Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanza, ingawa nilikuwa bado sijavuka mpaka wa Busia kuja Uganda.

Wote mliopita uwanja wetu wa Mengo mnalijua swali lake la siku ya kwanza. Anamwita kuruta mbele, anamshikisha funguo mkono mmoja na daftari mkono wa pili, anamsukuma mpaka ukutani.

"Sasa adui nakuja," anasema. "Utapiga na nini? Na maombi?"

Kuruta anabaki kutumbua macho. Hapo Afande anaanza kumhesabia mwili wake kama mtu anayemwonyesha mgeni vyumba vya nyumba. Vifundo viwili vya mwanzo vya ngumi. Mgongo wa ngumi. Upande wa chini wa ngumi, unaoshuka kama nyundo. Ukingo wa kiganja. Ncha za vidole, kwa koo peke yake na kwa dharura peke yake. Kiwiko, goti, muundi, kisigino, ukingo wa nje wa wayo, na ile nyama ngumu iliyo chini ya vidole vya mguu, ambayo mtu akisahau kuvikunja vidole nyuma anaivunja mwenyewe. Ukijumlisha na nyingine ambazo sizitaji hapa, zote ni kumi na nne. Kila moja ilipewa wiki nzima, na kila moja ilikuwa na mahali pake pa kutua: kigumu juu ya laini, laini juu ya kigumu. Kiganja kwa kidevu. Ngumi kwa mbavu. Ukipiga fuvu la mtu kwa ngumi tupu, alikuwa akiwaambia, umemsaidia yeye.

Wiki kumi na nne! Kampuni nyingine za ulinzi mjini zinatoa mlinzi kwa siku kumi. Wateja walipiga simu wakidai walinzi, na simu zilikuja kwangu. Nilijifunza kusema "wako njiani" kwa lugha nne.

Mwaka 2007 makao makuu yalitaka mafunzo yote yaandikwe kitabu. Afande aliongea, mimi nikachapa. Ilituchukua miezi mitano, kwa sababu hakuna neno lililopita bila vita. Tulipofika kwenye ile sehemu ya chini ya kiganja, karibu na kifundo cha mkono, akasema niandike "kisigino ya mkono".

"Afande, mkono hauna kisigino," nikamwambia. "Kisigino ni cha mguu."

"Kama hauna, hii ni nini?" akauliza, na kwa kisigino hicho hicho asichokuwa nacho akaipiga kabati ya mafaili iliyokuwa nyuma yangu. Droo ya tatu ikabonyea ndani kama sahani. Mpaka leo haifunguki bila bisibisi, na ndimo yalimo mafaili ya wafanyakazi kuanzia herufi M hadi R. Nimeomba kabati mpya mara sita. Kisigino cha mkono kimo ukurasa wa tisa wa kitabu. Nilichofanikiwa kukibadilisha ni ile "ya" tu.

Na mnakumbuka siku ya mabuti. Ilikuwa wiki ya wayo, na Afande aliamua kwamba mtu hawezi kuujua mguu wake akiwa amevaa buti la mpira. Akawavua mabuti makuruta ishirini na watatu, akawapanga kwenye kokoto, wakapiga mateke huku mafundi wa Katwe bondeni wakigonga mabati yao, maana alipenda darasa lifuate mdundo ule. Saa hiyo hiyo geti likafunguka na wakaingia wageni kutoka ubalozi mmoja waliokuja kukagua nidhamu yetu. Nilimpelekea Afande taarifa ya ujio huo siku tatu kabla. Ilikuwa mezani kwake, chini ya kikombe. Makuruta wakakimbilia mabuti. Mabuti arobaini na sita ya rangi moja! Walijipanga mbele ya ubalozi wengine wakiwa na mguu wa kulia mara mbili. Mkataba tuliupata, sijui kwa nini. Mimi nilipata vidonda vya tumbo.

Naandika haya kwa kicheko sasa. Kuna mambo mengine ambayo kwa muda mrefu hayakunichekesha hata kidogo.

Mwishoni mwa mwaka 2021 alikuja mezani kwangu na kitabu kile, akasema ngumi iondoke sura ya kwanza, iende sura ya mwisho. Nikamuuliza sababu. Akasema watu wanapenda ngumi sana. Hiyo ndiyo sababu aliyonipa. Kuhamisha sura moja kulimaanisha kuhamisha picha, namba za kurasa, ratiba na mtihani wa mwaka mzima. Nilichapa upya kurasa sitini na moja, na kila ukurasa nilimtaja kwa jina.

Kisha likaja suala la vyeti. Kila kuruta anayehitimu anapata cheti chenye sahihi ya mwalimu, na bila sahihi hiyo faili lake halikamiliki. Tangu mwaka uliofuata, 2022, Afande alianza kukwepa kutia sahihi. Leo kalamu mbaya. Kesho yuko uwanjani. Siku nyingine aliniambia kwa uso mkavu kwamba Ijumaa si siku ya kuandika. Vyeti vilirundikana mpaka vikafika arobaini na vitatu. Niliviweka kwenye kiti chake, aliviondoa akakaa. Nilimwandikia barua rasmi, na nakala kwa Bwana Sifuna, mkuu wa mafunzo. Bwana Sifuna, ambaye ni mtu wa Bungoma mwenye subira kuliko mimi, alimwita na kumwomba kwa upole. Afande akaitikia ndiyo, akatoka, akaenda kufundisha kiwiko.

Nilisema maneno makali wakati ule. Nilisema mbele ya wahudumu wa jikoni kwamba mtu huyu amezeeka na kiburi chake kimezeeka naye. Nataka ieleweke kwamba nilisema, kwa kuwa wengi mlikuwepo.

Mwezi Agosti mwaka jana, Babra Akwero, mlinzi aliye nasi kwa miaka minane, alikuwa zamu kwenye ghala la mteja mmoja. Geti la chuma la kusukuma liliruka reli yake likambana mkono wa kulia. Vidole viwili vilivunjika, cha shahada na cha kati. Mifupa iliunga, lakini vidole vilibaki vimenyooka, havikunjiki. Babra ni binti wa askari wa Kitgum, mama wa watoto watatu, na kwenye faili lake, lile lililoko droo ya juu inayofunguka, hakuna onyo hata moja.

Sasa, kanuni ya sita ya kampuni inasema kila mlinzi atapimwa kila mwaka, na kipengele cha kwanza cha kipimo ni ngumi: kumi za kulia, kumi za kushoto, kwenye pedi, vidole vimefungwa sawasawa. Anayeshindwa mara mbili mfululizo anaondolewa ulinzi. Oktoba Babra alishindwa. Kipimo cha pili kilikuwa Januari tarehe 12. Kila mtu alijua itakavyokuwa. Jikoni walishaanza kumsemesha kwa sauti ile ya chini wanayomsemeshea mfiwa.

Tarehe 13 fomu ya Babra ilifika mezani kwangu. Kwenye mstari wa ngumi ya kulia palikuwa na alama ya vema. Nikamtazama Afande. Akatazama dirisha.

"Afande, huyu amepiga ngumi ya kulia?"

"Amepita."

"Sikuuliza kama amepita. Nimeuliza kama amepiga ngumi."

"Madam Teresa," akasema, "wewe andika. Amepita."

Ningefanya nini? Mimi ni karani wa kumbukumbu. Miaka yote hii nimekuwa nikisema kwamba kilichoandikwa ndicho kilichotokea, na sasa nilikuwa nimeshika karatasi inayosema uongo, iliyoandikwa na mtu ambaye hajawahi kumpitisha kuruta hata kwa tabasamu. Niliikalia mpaka saa nane. Saa nane nikaipeleka kwa Bwana Sifuna. Babra alijua kuwa ni mimi, na kwa siku mbili hakunisalimia. Sikumlaumu.

Kikao kilikaa Alhamisi tarehe 15 Januari, saa tatu asubuhi. Tulikuwa wanne: Bwana Sifuna, Afande Oyet, Babra, na mimi niliyeandika muhtasari. Kwa hiyo ninayoyasema hapa yamo kwenye maandishi, isipokuwa machache ambayo Bwana Sifuna aliniomba niyaache, na ambayo kwa ruhusa yake nayarudisha.

Bwana Sifuna alianza kwa kumuuliza Babra kama anaweza kufunga ngumi ya kulia. Babra akainua mkono. Vidole viwili vikabaki vimesimama. Akasema, "Hapana, bosi."

"Mwalimu," Bwana Sifuna akageuka, "kwa nini uliandika amepita?"

"Sababu amepita," Afande akajibu. "Shika pedi."

"Mimi?"

"Wewe. Simama hapo. Miguu panua."

Bwana Sifuna alivua koti, akashika pedi kifuani. Afande akampa Babra funguo zangu za ofisi mkono wa kushoto, akasogea kando.

"Kisigino ya mkono," akasema.

Babra alipiga kwa kiganja cha kulia, vile vidole vibovu vimeelekea juu bila kumsumbua. Bwana Sifuna akarudi hatua moja. "Kiwiko." Hatua mbili. "Nyundo." Sikuamini kama nyundo ingewezekana, kumbe vidole viwili vya mwisho vinafungika, na hivyo ndivyo vinavyobeba upande ule. Bwana Sifuna alifika ukutani, akaangusha kalenda ya mwaka, akabaki ameegemea hapo akihema.

"Inatosha," akasema. "Inatosha, banange, jamani, inatosha."

Alikaa chini, akajifuta uso. Nilidhani yameisha. Lakini Bwana Sifuna ni mtu wa haki, na haki yake wakati mwingine inachosha kuliko ukaidi wa Afande. Alisema kwamba haoni shaka Babra anaweza kujilinda. Shida ni kwamba kanuni inasema ngumi. Walinzi wanne wameondolewa kwa kanuni hiyo hiyo tangu yeye aje, na hawezi kumwambia mtu wa tano kuwa kwake imelegea kwa sababu mwalimu anampenda.

"Ngumi ndiyo msingi," akasema. "Wewe mwenyewe ndiye uliyeandika kanuni hii, Mwalimu, mwaka elfu mbili na tatu. Mlinzi asiyefunga ngumi si mlinzi. Ni maneno yako."

"Nilikuwa kijana. Nilikuwa mjinga."

"Basi niambie kwa nini niibadilishe leo."

Nikamwona Afande anamtazama Babra, ambaye alikuwa ameshaanza kuvua beji ya kampuni kifuani, taratibu, kwa mkono wa kushoto, kama mtu anayewapunguzia wengine kazi. Kisha Afande akaweka mikono yake yote miwili juu ya meza.

"Bwana Sifuna, tazama," akasema. "Nafunga."

Akajaribu kufunga ngumi. Vidole vilisogea, vikafika nusu ya njia, vikasimama, kama mkono ulioshika kikombe. Vifundo vilikuwa vimevimba, vile viwili vya mwanzo kuliko vingine. Alikaza mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Havikusogea zaidi.

"Miaka mine," akasema. "Miaka mine hii mkono haijapiga ngumi. Na walinzi wako wote wa miaka mine mimi ndio nimefundisha. Nani ameshindwa kazi? Taja mmoja."

Mimi nilikuwa nimeacha kuandika. Ratiba iliyogeuzwa, ngumi iliyopelekwa sura ya mwisho na kufundishwa na wasaidizi wake, vyeti arobaini na vitatu, kalamu mbaya, Ijumaa isiyo ya kuandika: vyote vilinijia kwa pamoja, na jambo la kwanza nililolisikia moyoni, nalikiri hapa, lilikuwa hasira. Nilitaka kumpiga na faili.

Bwana Sifuna aliuliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, unajua mkataba wako unasemaje?"

"Najua." Mkataba wa mwalimu unamtaka aweze kutenda mwenyewe kila kipengele cha mtihani. Hiyo nayo ni sentensi niliyoichapa mimi. Ilibaki miaka miwili kasorobo afikishe umri wa kustaafu. "Najua, bosi. Ndiyo maana nilinyamaza. Lakini huyu akitoka na mimi nibaki, hiyo si kanuni. Hiyo ni wizi."

Babra alisema, "Afande, hapana." Aliyasema maneno hayo mawili tu, na Afande akamwambia arudishe beji mahali pake.

Uamuzi ulichukua wiki mbili. Kanuni ya sita imebadilishwa: mlinzi sasa atapimwa kwa sehemu zozote tano kati ya kumi na nne, atakazochagua mwenyewe pamoja na mwalimu. Walinzi wanne walioondolewa wameandikiwa barua ya kuitwa tena, wawili wamekuja. Babra amebaki kazini. Na Afande, kwa cheti cha daktari na kwa maombi yake mwenyewe, akapewa tarehe 27 Februari. Bwana Sifuna alitaka kuilegeza pia ile sentensi ya mkataba wa mwalimu, ifuate kanuni mpya. Afande akakataa. Alisema mlinzi anachagua silaha zake, lakini mwalimu lazima aweze kuonyesha zote kumi na nne, na yeye anazo kumi tu. Tulimbembeleza, mimi na Bwana Sifuna, kwa zamu, siku tatu. Kumsukuma Afande Oyet ni sawa na kusukuma ile droo ya tatu.

Nilimpigia simu mkewe, Mama Santa, nyumbani kwao Kasubi, nikamuuliza kama alijua. Alicheka mpaka akakohoa.

"Madam, vifungo vya shati yake unafikiri nani anafunga kila asubuhi? Kamba za viatu nani? Miaka mine mimi ndio mikono."

Daktari, akasema, alishawaambia tangu mwanzo: ni baridi yabisi, na imetua pale pale alipopigisha ubao kwa miaka arobaini, kila asubuhi, mia kulia na mia kushoto. Wanafunzi wake aliwakataza ubao ule tangu zamani. Kila nilipomuuliza sababu, alisema mbao zimekuwa ghali.

Siku iliyofuata nilimsubiri mpaka akae, nikasimama mbele ya meza yake. Nilikuwa na hotuba nzima. Nilitaka kumwambia kwamba ningeweza kumchongea mhuri wa sahihi kwa nusu siku, kwamba ningeweza kumsemea kwa Bwana Sifuna kabla mambo hayajafika kwenye kikao, kwamba nilimtukana jikoni kwa kiburi, kumbe ulikuwa ugonjwa. Lakini nilichotoa ni swali moja.

"Afande, kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama anavyomtazama kuruta aliyesahau kukunja vidole.

"Ungeandika," akasema.

Nimelifikiria jibu hilo kila siku tangu hapo, nikitafuta pa kulipinga. Sijapata. Ningeandika. Ningeandika siku hiyo hiyo, kwa tarehe na saa, na kutuma nakala.

Wiki yake ya mwisho tulikaa na vile vyeti arobaini na vitatu. Alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, kalamu ameibana kati ya kidole cha kati na cha pete, kwa sababu huko ndiko kulikobaki nguvu. Mimi nilishikilia karatasi isiteleze. Ilituchukua siku tatu, cheti kwa cheti. Kila jina alilifikia akasimama, akaniambia huyu kiwiko chake kilikuwa kizuri, huyu goti lilikuwa la uvivu, huyu alilia wiki ya muundi na sasa yuko benki analinda. Nilimwambia tuharakishe. Hakuharakisha. Sahihi hizo hazisomeki, na mkaguzi akiuliza, aje aniulize mimi.

Mafanikio yake mengine yako kwenye faili: walinzi zaidi ya elfu mbili waliopita mikononi mwake, kitabu cha mafunzo ambacho kampuni mbili nyingine zimekiomba, na jambo ambalo yeye hulitaja la kwanza, kwamba kati ya taarifa zote za matukio nilizozipokea tangu 2004, hakuna hata moja ya mlinzi wetu aliyempiga mtu aliyekuwa ameshaanguka chini. Hilo alikuwa analifundisha wiki ya kumi na tano, ambayo haikuwepo kwenye ratiba, na ambayo niliipinga kwa barua.

Jumatatu tarehe 2 Machi, Babra Akwero alianza kazi kama mwalimu msaidizi, huku kampuni ikitafuta mwalimu mkuu. Saa moja asubuhi Afande Oyet alikuwa getini. Ochan, mlinzi wa zamu, ambaye Afande amemfundisha mwenyewe, akamwomba kitambulisho. Hana, ninacho mimi, na nimekisainia. Ochan akakataa kumfungulia. Nilipigiwa simu, nikashuka ngazi zote zile, nikamkuta mstaafu wetu amesimama nje, shati limefungwa vifungo vizuri, anaona raha kwa kukataliwa. Ilibidi ajaze daftari la wageni. Kwenye nafasi ya sababu ya kuja aliandika kwa mkono wa kushoto neno moja: kuona.

Alisimama kando ya uwanja dakika kumi na mbili bila kusema kitu. Nimekaa naye miaka ishirini na miwili na sijawahi kushuhudia dakika kama hizo. Babra alikuwa amempa kuruta mmoja funguo na daftari, amemsukuma ukutani. Kuruta akakunja kiwiko vibaya, ncha ikaelekea chini. Nikamwona Afande anavuta pumzi ya kupiga kelele. Kabla hajaitoa, Babra alishamshika kuruta mkono akaunyanyua mahali pake. Afande akaishusha ile pumzi, akageuka, akatoka getini akielekea Kasubi kwa miguu.

Afande Saverio, kwa niaba ya wote wa Ngome Tatu, asante kwa kazi, na asante kwa Babra. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na asubuhi zisizo na filimbi. Na Mama Santa tunamwombea subira, tunajua anachokipata. Jioni nilipofunga daftari la wageni niliona safu ya muda wa kutoka hukuijaza. Kwa mtu mwingine ningemwita Ochan nikamkaripia. Nimeiacha wazi.

Teresa Aluoch
Kumbukumbu, Ofisi ya Mafunzo, Mengo